Saikolojia chuo kikuu: jipange mapema kwa takwimu na dodoso

Wengi huchagua saikolojia wakitarajia kusikiliza watu na kuwashauri. Shahada ya kwanza, kwa sehemu kubwa, inafundisha kupima: kumbukumbu, wasiwasi, kujithamini. Ushauri wa kitabibu unahitaji masomo zaidi na mazoezi chini ya msimamizi. Kenya kuna hadi sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri na wanasaikolojia. Kwa hiyo usilione somo la takwimu kama kero ya kupita. Ndilo linalobeba mengine yote.

Kabla ya kugusa kompyuta, kokotoa wastani na mtawanyiko wa namba kumi kwa mkono, mara kadhaa, mpaka ujue kila hatua inafanya nini. Kisha ndiyo uhamie kwenye programu. SPSS inahitaji leseni ya kulipia. Jamovi na R ni za bure na zinatosha kabisa kwa kazi ya shahada ya kwanza. Kosa linalojirudia kwenye mitihani ni kusema p (namba ambayo programu hukupa baada ya kulinganisha data) ya 0.03 maana yake nadharia yako ina uhakika wa asilimia 97. Sivyo. Maana yake ni kwamba, kama kusingekuwa na tofauti yoyote, matokeo kama hayo au makubwa zaidi yangetokea mara 3 katika 100.

Kusoma madesa mara tano usiku wa mtihani hakusaidii sana, na saikolojia yenyewe imeonyesha hivyo. Katika jaribio la Roediger na Karpicke la 2006, waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama walikumbuka asilimia 56 ya maandishi baada ya wiki. Waliosoma tena walibaki na 42. Funga daftari, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha.

Utafiti wa mwaka wa mwisho ndio unaohitaji maandalizi marefu. Punguza mada. “Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana” haipimiki. “Uhusiano wa saa za kulala na kujithamini kwa wanafunzi wa mwaka wa pili” inapimika. Ukitarajia uhusiano wa wastani, yaani r (kipimo cha nguvu ya uhusiano) ya 0.30, unahitaji washiriki wapatao 85 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuuona. Gawa madodoso 100, maana mengine yatarudi yakiwa yamejazwa nusu.

Kujithamini hupimwa sana kwa kipimo cha Rosenberg cha mwaka 1965: sentensi 10, na 5 kati yake zimeandikwa kwa upande hasi. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Kama majibu yanakwenda 1 hadi 4, kwa kila sentensi hasi toa jibu kwenye 5: aliyeandika 1 anapata 4, aliyeandika 2 anapata 3. Ukisahau, alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi sentensi za dodoso zinavyokwenda pamoja, itashuka sana, pengine hata kwenda chini ya sifuri, na utalaumu washiriki bure. Lingine: mtu anayesoma “sina mengi ya kujivunia” na kutakiwa kujibu “sikubali” huchanganyikiwa kwa urahisi. Jaribu dodoso la Kiswahili kwa watu wanane hadi kumi kwanza, na umwombe kila mmoja akueleze sentensi kwa maneno yake. Tafsiri yenyewe ifanywe na watu wawili kila mmoja peke yake, halafu wa tatu asiyeliona la Kiingereza airudishe kwa Kiingereza, mlinganishe.

Omba kibali cha kamati ya maadili mapema, kwani dodoso likirudishwa kwa marekebisho unapoteza wiki nyingi. Ukitumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la dalili za sonona, swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usilikusanye bila mpango. Kama dodoso halina jina, huwezi kumfikia aliyeonyesha kuwa na mawazo hayo. Basi mpe kila mshiriki karatasi yenye mawasiliano ya ushauri nasaha wa chuo, au tumia PHQ-8, ambayo haina swali hilo.

Madodoso yakirudi, yaandike namba kwa kalamu, moja moja, kabla ya kuingiza data. Ukikuta 44 kwenye safu inayopaswa kuishia 4, utajua ni karatasi ipi ya kurudia.