Topinambo ya Majira ya Baridi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Ardhi Haijaganda

Viazi mviringo huchimbwa vyote kwa mpigo, vikapelekwa ghalani. Topinambo, ule mmea wa jamii ya alizeti unaozaa viazi vyenye vinundu chini ya ardhi, hauendi hivyo. Ngozi ya viazi vyake ni nyembamba mno. Ukiviacha mezani siku chache vinanyauka na kulegea. Ghala lake ni udongo wenyewe. Anayeishi kaskazini mwa Marekani au Kanada anaweza kuvichimba tangu Oktoba hadi Machi, mradi amejiandaa mapema. Ardhi ikishaganda, jembe linadunda tu.

Huko ndiko kwao hasa. Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waliulima kabla Wazungu hawajafika, na mwaka 1605 mpelelezi Mfaransa Samuel de Champlain aliukuta katika bustani zao huko Cape Cod, pwani ya mashariki mwa Marekani. Kwa hiyo baridi ya nchi hiyo haiudhuru. Kinachohitaji maandalizi ni wewe kuweza kuvifikia viazi vyako.

Anza na mahali, hata kabla ya kutafuta mbegu. Mmea hurefuka mita 2 hadi 3, basi uweke upande wa kaskazini wa bustani usije ukatia kivuli mboga nyingine. Zaidi ya hapo, kipande kidogo cha kiazi kikisahaulika ardhini kitaota mwaka ujao. Kama una kijisehemu katika shamba la jumuiya, omba ruhusa kwanza, kwa sababu jirani yako naye atavuna usumbufu huo. Napendelea pembe iliyozungukwa na nyasi zinazokatwa kila wiki. Machipukizi yanayotoroka hukatwa pamoja nazo. Usipitishe mashine ya kulimia hapo, maana inakatakata viazi na kuvisambaza. Pipa kubwa nalo linafaa, ila udongo wa pipa huganda haraka kuliko wa shambani, hivyo hakikisha una gereji au banda la kulihifadhia.

Mbegu ni kiazi chenyewe, au kipande chenye macho mawili matatu. Panda majira ya kuchipua, udongo ukianza kulimika, kina cha sentimita 10 hadi 15, nafasi ya sentimita 30 hadi 45. Aina ya Fuseau ina viazi laini visivyo na vinundu vingi, na atakayeviosha kwa maji baridi mwezi Januari atashukuru. Penye kiangazi kifupi, Stampede hukomaa mapema. Epuka mahali maji yanaposimama, viazi vitaoza.

Kazi kubwa iko majira ya kupukutika majani. Usikate mashina yangali kijani, kwani ndiyo yanayoshusha chakula kwenye viazi. Ngoja jalidi, yaani umande ulioganda, iyakaushe, kisha ukate na kubakiza visiki vya sentimita 15 hivi. Chomeka pia vijiti virefu kwenye kila pembe ya tuta, sababu theluji ikirundikana visiki havitaonekana.

Halafu matandazo. Wakati watu wanapoweka mifuko ya majani makavu kando ya barabara ili ichukuliwe, ndio wakati wa kuomba michache. Lakini usitandaze siku hiyohiyo. Matandazo yakiwahi, panya wa shambani hujenga humo na kula viazi kabla yako. Subiri jalidi ianguke mara kadhaa, kisha tandaza majani au nyasi kavu kwa unene wa sentimita 30, upite ukingo wa tuta pande zote. Siku ya kuchimba, funua sehemu ndogo, toa vya wiki moja, funika tena. Tumia uma wa bustani, maana sepetu hukata viazi. Vya jikoni vitie kwenye mfuko ndani ya friji, bila kuviosha.

Tumbo nalo liandaliwe. Viazi hivi vimejaa inulini, wanga ambao utumbo mdogo hauwezi kuusaga, na gesi yake si ya mchezo. Baridi hugeuza sehemu ya inulini hiyo kuwa sukari ya matunda, ndiyo maana vya Desemba ni vitamu na vyepesi kuliko vya Septemba. Hata hivyo mara ya kwanza kula vipande vichache tu, na mgeni mwambie mapema. Kuvichemsha na maji ya limau husaidia. Havihitaji kumenywa, lakini huiva ghafla na kuvurugika, kwa hiyo nikivipika kwa nazi huvitia mwishoni.

Machi ikikaribia kuisha, maliza kuchimba kabla havijachipua na kupoteza ladha. Chagua vilivyo vikubwa na visivyo na vinundu vingi, uvirudishe ardhini siku hiyohiyo viwe mbegu.