Vumbi la msimu wa kusi: namna ya kulipunguza ndani ya nyumba huku Mtwara

Mvua zikishakata, kuanzia Mei hivi, upepo wa kusi unaanza kazi yake. Ukifuta meza saa mbili asubuhi, saa saba unaweza kuandikia jina lako juu yake kwa kidole. Mimi kazi yangu ni usafi wa nyumba ya wageni, na mgeni aliyelipa chumba hataki kusikia habari za msimu. Wengi wetu tunapambana na vumbi kwa fagio, na hapo ndipo tunapojichosha. Fagio kavu linalirusha vumbi juu, na ukishaondoka linatua palepale. Lizuie nje kwanza, na lililoingia likamate kwa unyevu.

Hatua ya 1: Anzia uwanjani

Simama upande upepo unakotokea, yaani kusini-mashariki mwa nyumba, uangalie chini. Kama ardhi iko tupu, imefagiwa mpaka imekuwa unga, basi vumbi la sebuleni kwako linatoka hapo. Najua huku kwetu uwanja wenye nyasi unaleta maneno. Majirani watasema humo ndani kuna mvivu, na wazee watakukumbusha habari ya nyoka. Kwa nyoka wana hoja. Kwa hiyo otesha ukoka upande huo mmoja tu, uukate uwe mfupi, au mwaga kokoto kama mfuko unaruhusu. Pande nyingine fagia kama kawaida.

Kabla ya kufagia, funga madirisha, kisha nyunyiza maji kwa mkono. Matone tu, usitengeneze tope. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa sana. Ya kuoshea samaki yataleta nzi. Fagio la chelewa liinamishe, usilipige chini, na takataka uzivute kuelekea upepo unakokwenda, si kuelekea mlangoni.

Hatua ya 2: Mlango na madirisha

Tafuta gunia kuukuu la korosho, lile la juti. Likunje mara mbili, liloweshe kidogo, lilaze nje ya kizingiti. Nyuzi zake zinang'ang'ania mchanga kuliko zulia la dukani. Kila jioni likung'ute mbali na nyumba. Viatu viishie hapo hapo nje. Hilo halihitaji maelezo.

Chini ya mlango, kama kidole kinapita, vumbi linapita pia. Kata mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli, upigilie misumari midogo upande wa ndani, uguse sakafu kidogo.

Nyavu za mbu za madirishani zina ujanja wake. Hazizuii vumbi laini, ila zinalikusanya, na siku kusi likivuma kwa nguvu linasukumwa lote ndani kwa mpigo. Zisugue kwa brashi mbichi kila wiki, pande zote mbili. Ukizipiga zikiwa kavu, umelipulizia kitandani mwenyewe.

Uwazi kati ya ukuta na bati unaweza kuuziba kwa wavu mwembamba. Kama unapikia ndani kwa kuni au mkaa, usiuzibe kabisa. Moshi lazima upate pa kutokea.

Hatua ya 3: Wakati wa salfa

Wanaoishi jirani na mashamba wana kazi ya ziada. Kuanzia Juni hadi Agosti hivi, mikorosho inapuliziwa salfa, dawa ya unga, kwa ajili ya ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mara nyingi alfajiri umande ukiwa bado majanini. Unga ule unawasha macho na kukereketa koo. Ukisikia mashine, funga madirisha ya upande wa shamba, anua nguo kambani, funika maji ya kunywa. Baadaye futa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Mwenye pumu asipewe kazi hiyo.

Hatua ya 4: Shuka kutoka juu

Kenchi au dari kwanza, kisha feni, juu ya kabati, madirisha, meza. Sakafu ni ya mwisho. Ukianza na sakafu utaipiga deki mara mbili.

Feni ndiyo inayosahaulika. Huku pwani hewa ina chumvi na unyevu, kwa hiyo vumbi la kwenye mapanga linaganda, linakuwa jeusi kama masizi. Zima umeme, subiri feni isimame. Chukua foronya kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa, vika panga moja zima, bana kwa viganja viwili, uvute taratibu kuelekea kwako. Uchafu wote unabaki ndani ya foronya, kitandani haudondoki hata chembe. Igeuze, nenda panga linalofuata.

Kitambaa cha kufutia kikamue mpaka kisidondoshe tone. Kikiwa chapachapa kinatengeneza tope na kuacha michirizi kwenye mbao. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia. Hata kwa maji ya kununua, nusu ndoo kwa kila moja inatosha chumba kizima.

Hatua ya 5: Sakafu

Inua mikeka. Ukili unapitisha mchanga, na chini yake utakuta umetulia. Piga deki, acha ikauke, kisha pitisha kiganja sakafuni. Kikitoka na unga wa kijivu, vumbi hilo ni sementi yako inayopukutika: mchanganyiko ulikuwa dhaifu, au haikumwagiliwa maji ya kutosha ilipokuwa changa. Deki hainyamazishi sakafu ya namna hiyo. Muite fundi akwangue, apige lipu mpya na niru, yaani sementi laini ya kumalizia juu, na safari hii imwagiliwe maji siku 7 kamili. Fedha ikiwa bado, tandika kapeti la plastiki.

Hatua ya 6: Kitanda

Shuka zifuliwe kila wiki, godoro litolewe juani. Chandarua chenye dawa kikung'utie nje, kioshe kwa sabuni laini, ukianike kivulini. Jua kali linaua dawa.

Kitu kimoja cha kutochanganya na vumbi: ukikuta kila asubuhi kirundo kidogo cha unga wa manjano mahali palepale, chini ya kenchi au fremu ya mlango, tazama juu utafute vitundu. Hao ni bungua wanakula mbao. Hapo anatakiwa seremala, na mapema.