Kitambi na tezi dume: anza na tepu na jagi

Mizani peke yake itakudanganya. Kinachohusiana zaidi na kukua kwa tezi dume ni mafuta ya ndani ya tumbo. Mwenye kitambi mwili wake huwa mgumu kuitikia insulini, kongosho likazidi kuimwaga, na insulini ikizidi inadhaniwa kuchochea seli za tezi kuongezeka. Mafuta hayo pia hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa ya kike.

Chukua tepu ya fundi cherehani. Vua shati, papasa ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, upitishe tepu katikati yake. Toa pumzi kawaida, ndipo usome. Sentimita 94 ni onyo, 102 ni hatari. Usitegemee saizi ya suruali: inafungwa chini ya tumbo, kwa hiyo saizi 36 huweza kuficha kiuno cha sentimita 105.

Kisha tafuta jagi lenye alama za mililita, na kwa siku 3 andika saa na kiasi cha kila mkojo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi uhesabu kuwa wa usiku, maana umejikusanya ukiwa umelala. Wengi hukosea hapa. Tuseme kwa saa 24 umetoa mililita 1,800, za usiku 750. Hiyo ni zaidi ya theluthi, na tezi huenda inasingiziwa: angalia miguu inayovimba jioni, chumvi, presha, kukoroma kwa kukatika pumzi. Ukizidi lita 3 kwa siku, kapime sukari. Ya kufunga, yaani kabla ya kula asubuhi, ikifika 7.0 mmol/L, daktari atarudia kipimo kuthibitisha kisukari. Lakini ukitoa mililita 80 au 100 kila mara, na mkojo ni dhaifu, hapo tezi au kibofu ndiyo ya kuchunguzwa.

Kwenye PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, mwambie daktari uzito wako: kwa mtu mnene huweza kusoma chini kuliko hali halisi. Finasteride, dawa ya tezi dume, nayo huishusha PSA karibu nusu ikitumika miezi kadhaa.

Kupunguza asilimia 5 ya uzito si jambo la ajabu. Kwa mwenye kilo 90 ni kilo 4.5. Anza na soda, kwani chupa ya mililita 500 huwa na gramu 50 hivi za sukari. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Usitarajie tezi kusinyaa; sukari, presha na safari za chooni ndivyo vinavyoweza kupungua. Maji usiyakate mchana, mkojo mzito huwasha kibofu na choo kigumu hukibana. Acha kunywa muda wa saa 2 kabla ya kulala.

Dawa za mafua zenye pseudoephedrine au chlorpheniramine zikwepe. Zinaweza kuziba mkojo kabisa, na mkojo ukigoma huku tumbo la chini limejaa, nenda hospitali saa hiyo hiyo ukawekewe mpira wa kutoa mkojo.