Kupiga picha uvimbe adimu wa figo kwa watoto

Uvimbe mwingi wa figo kwa watoto ni wa Wilms (saratani ya figo ya utotoni), takriban 9 kati ya 10, na ndiyo maana aina adimu hupitwa kirahisi: kila donge linapewa jina hilohilo. Kabla ya kuwasha mashine, angalia umri kwenye fomu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 3, fikiria kwanza nefroma ya mesoblasti, uvimbe wa figo wa watoto wachanga. Chini ya miaka 2, uvimbe wa rabdoidi, saratani adimu na kali, usikutoke akilini. Kwa aliyekwisha kubalehe, saratani ya seli za figo ina nafasi kubwa.

Anza na altrasaundi. Tumia probu (kifaa kinachowekwa juu ya ngozi) iliyopinda ya megahezi 5 hadi 8 kwa tumbo zima, na probu bapa ya 9 hadi 12 kuchungulia figo ya pili, maana uvimbe wa Wilms huweza kutokea pande zote mbili. Usikandamize tumbo, uvimbe ukipasuka, hatua ya ugonjwa inapanda na matibabu yanakuwa mazito zaidi. Tafuta ukingo wa figo unaoukumbatia uvimbe kama kucha: hapo uvimbe umeanzia kwenye figo yenyewe. Figo ikiwa imesukumwa tu, na aota (ateri kuu ya mwili) imezingirwa, fikiria nyuroblastoma, saratani ya seli changa za neva inayoanzia nje ya figo.

Mshipa ndio unaowakosesha wengi. Kwa Dopla (altrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu), fuata vena ya figo hadi vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, kisha hadi moyoni, kwani daktari wa upasuaji lazima ajue kipande cha uvimbe kilichoingia ndani ya mshipa kimefika wapi. Uvimbe mkubwa wa kulia huibana vena kava ikaonekana kama imeziba. Mlaze mtoto kwa ubavu wa kushoto, shusha kipimo cha kasi kwenye Dopla, kisha tazama tena. Kipimo kikiwa juu, damu inayokwenda polepole haionekani kabisa.

Kwa ujazo wa uvimbe, zidisha urefu, upana na kina, kisha mara 0.523. Andika vipimo vyote vitatu, ili atakayepima baada ya matibabu ya dawa afuate mihimili ileile.

MRI (picha za sumaku) ni bora kwa tumbo kwa kuwa haina mionzi. Ukilazimika kutumia CT (picha za eksirei za vipande vya mwili), awamu moja, yaani kupiga mara moja tu, inatosha, takriban sekunde 60 hadi 70 baada ya kuanza kuingiza dawa ya kontrasti; awamu ya bila dawa huongeza mionzi na mara nyingi haibadilishi uamuzi. CT ya kifua ifanywe kabla ya upasuaji, na kama mtoto atapewa usingizi, ipigwe mapema iwezekanavyo, kwa sababu pafu hunywea na kuficha vinundu vidogo.

Ukiona maji yenye umbo la mwezi mwandamo chini ya ganda la figo, pamoja na chembe za chokaa, shuku rabdoidi, na uombe MRI ya ubongo, kwa kuwa uvimbe mwingine unaweza kuwa huko. Dalili hiyo haitoshi peke yake, kwa sababu Wilms pia huweza kuitoa. Sarkoma ya seli angavu, saratani nyingine adimu ya figo, hupenda kusambaa kwenye mifupa, hivyo ikithibitishwa, kagua mifupa yote na ubongo.

Vipande bapa vya pembezoni mwa figo, vyenye rangi moja na visivyonyonya dawa ya kontrasti sana, mara nyingi ni mabaki ya tishu changa ya figo. Vitaje kwenye ripoti kila kimoja na mahali kilipo, kwani huweza kugeuka Wilms na vinahitaji kufuatiliwa kwa altrasaundi au MRI.