Mbao za 1455 hazikuwa nyeusi

Vita vya kwanza vya St Albans, mji wa Uingereza, Mei 1455, vilipiganwa mitaani. Watu wa Warwick, lodi aliyepigana na jeshi la mfalme, walipenya nyuma ya nyumba, wakapita bustanini, wakatokea sokoni. Mimi huvicheza vita hivyo kwa askari na nyumba za sanamu ndogo, na ndiyo maana kwenye meza yangu hapa Kibokoni, Mombasa, nyumba zina uzito kuliko askari: pasipo nyumba hakuna vichochoro, na pasipo vichochoro vita hivyo havichezeki. Nimeshapaka rangi nyumba kumi na nne za kulingana na askari wa sanamu wenye kimo cha milimita 28. Nitakueleza zaidi habari ya kuta na mbao, maana hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

Watu hupaka mbao nyeusi tititi juu ya ukuta mweupe pepepe. Mtindo huo ulienea Uingereza miaka ya 1800. Zamani za vita hivyo, mbao za mti wa mwaloni mara nyingi ziliachwa hivyo hivyo, zikapigwa jua na mvua hadi zikawa kijivu, na wengine wakipaka chokaa walipitisha ukutani na kwenye mbao kwa pamoja. Kama waitaka rangi hiyo, nenda ukatazame chombo kilichopandishwa ufuoni kikasahauliwa, au mlango mkongwe wa Mji wa Kale usiotiwa mafuta miaka mingi. Mimi huenda na kadibodi niliyoijaribia rangi, nikailinganisha papo hapo.

Ukuta wenyewe ulikuwa fito na udongo, umekandikwa kama nyumba za kwetu za bara ya Kwale, ila wao waliutia majani makavu na samadi. Basi usiufanye laini. Changanya rangi ya maji ya ukutani na gundi nyeupe ya mbao, utie mchanga uliochekechwa, upake mzito. Mchanga wa pwani uoshe kwa maji baridi mara tatu. Nyumba yangu ya pili ilitoa chumvi juu ya rangi baada ya wiki chache. Na kama umejengea lile povu jeupe linalokuja na sanduku la televisheni, usipulizie rangi ya kopo moja kwa moja. Huliyeyusha. Nilipoteza mnara wa kanisa hivyo.

Ukikauka, paka nyumba nzima kahawia iliyoelekea kijivu. Kisha ukuta: nyeupe iliyotiwa manjano ya udongo kidogo, kwa brashi kavu. Yaani chovya, futa kwenye kitambaa hadi udhani rangi imekwisha, ndipo upitishe juu juu. Rangi itashika vilivyoinuka tu, na mashimo yatabaki na kivuli chake. Mbao nazo zipitishie kijivu namna hiyo hiyo, ukifuata urefu wa ubao.

Sasa madoa, na hapa usifanye haraka. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa chokaa, na aliniambia ukuta hunywa maji kutoka chini. Tembea vichochoro vyetu baada ya masika uone: unyevu umepanda, kijani imeshika karibu na ardhi, na chini ya kila dirisha kuna michirizi. Chukua kahawia sehemu moja, maji sehemu nane, na tone la sabuni ya vyombo. Paka sentimita moja ya chini, ambayo kwa kipimo hiki ni kama nusu mita ya ukuta wa kweli, kisha vuta michirizi kutoka kwenye kila kizingiti kwenda chini. Kijani tia pembeni tu, upande mmoja wa nyumba.

Joto letu hukausha rangi kwenye brashi. Weka sponji lililolowa ndani ya kasha la plastiki, juu yake karatasi ya kuokea, uchanganyie hapo.

Paa ni taulo kuukuu lililolowekwa gundi, likachanwa kwa kitana kabla halijakauka. Lipake kahawia, halafu kijivu. Nyasi za paa huzeeka kama makuti. Rangi ya dhahabu ni ya kiraka kipya tu.

Mwisho ni moshi. Nyumba nyingi za watu wa kawaida hazikuwa na dohani: moto uliwaka katikati ya sakafu, moshi ukajitafutia njia paani. Kwa brashi kavu yenye nyeusi kidogo sana, gusa kilele cha paa na pembe ya juu ya ukuta wa ubavuni. Mara mbili tu. Ya tatu, nyumba itaonekana imeungua.