Somo: Pasua mfupa kabla hujamlaumu simba

Kila wiki naulizwa: "Simba wakizidi, nyumbu si wataisha?" Nimeamua kuandika mara moja, kwa ukamilifu, jinsi ya kujua kinachozuia idadi ya wanyama isipande: kuliwa, njaa au ushindani.

Hatua ya 1. Chagua mnyama mmoja na eneo moja.

Hatua ya 2. Hesabu msimu uleule kila mwaka, maana nyumbu huhama.

Hatua ya 3. Chunguza mizoga. Hapa ndipo nilipokosea. Nikiwa mwanafunzi Serengeti nilihesabu nyumbu walioliwa na simba na fisi, nikaandika kwamba wanyama wawindaji hao ndio wanaozuia idadi isipande. Msimamizi wangu hakubishana nami. Aliokota mfupa wa paja, akaupasua kwa jiwe. Uboho wa mnyama mwenye afya ni mweupe, umeganda kama samli ya asubuhi. Huu ulikuwa mwekundu, unateleza kama ute. Nyumbu yule alikuwa amekwisha kwa njaa kabla simba hajamfikia. Tukapasua mingine ya kiangazi kile. Mingi ilikuwa hivyohivyo. Nikaandika ripoti upya.

Onyo: mfupa uliokaa juani siku nyingi hauna jibu. Mzoga unaovuja damu nyeusi puani usiuguse kabisa, huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua hata watu. Na hifadhini huingii kuchunguza bila kibali.

Hatua ya 4. Tazama historia. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiua nyumbu pia, ilipotoweka baada ya ng'ombe kuchanjwa, nyumbu wa Serengeti walipanda kutoka takribani 250,000 mwaka 1961 hadi milioni 1.3 mwaka 1977. Simba walikuwepo muda wote. Ongezeko lilisimama pale nyasi za kiangazi zilipokuwa hazitoshi.

Hatua ya 5. Zungushia uzio kipande cha nyasi, acha kingine kama hicho wazi, pima urefu wa nyasi kila mwezi, uone wanyama wanapunguza kiasi gani.

MASWALI

Chuma: Kwa hiyo simba hapunguzi kitu?

Jibu: Sijasema hivyo. Nimesema nyumbu. Soma tena.

Neema: Shikamoo mwalimu. Na swala je, naye hufa kwa njaa?

Jibu: Marahaba, umeuliza jambo la msingi. Kaskazini mwa Serengeti, miaka ya 1980, wanyama wawindaji kama simba na fisi waliuawa kwa sumu na risasi. Swala pala na nyamera wakaongezeka, twiga hawakuongezeka. Wawindaji waliporudi, wale wadogo wakapungua tena. Mdogo ana maadui wengi, kuanzia mbweha hadi simba. Nyati na twiga wakishakua, wanaowaweza ni wachache, kwa hiyo kinachowabana zaidi ni chakula. Nyumbu anayehama naye humponyoka simba, kwa sababu simba ana watoto na eneo lake, hawezi kumfuata mwaka mzima.

Juma: Pundamilia na nyumbu wanalisha pamoja. Ushindani huo.

Jibu: Kukaa pamoja si ushahidi. Pundamilia hula mabua marefu, nyumbu hufuata majani mafupi, swala tomi machipukizi. Nionyeshe mmoja akipungua na mwenzake akinawiri, ndipo tuongee ushindani.

Mzee Miba: Waya wa uzio huibwa. Tumieni matawi ya mgunga. Mbuzi wa kijijini wanatosha kwa jaribio.

Jibu: Asante sana mzee wangu, hilo naliongeza.

Atieno: Huku ziwani sangara alimaliza furu, wale samaki wadogo. Samaki hana uboho wa kupasua, nafanyaje?

Jibu: Pasua tumbo la sangara, uone amekula nini. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, furu wakaporomoka miaka ya 1980. Furu walipoadimika, tumboni mwa sangara wakaonekana uduvi, dagaa, na sangara wadogo.