Kabati la Boulle: Cheti Kwanza, Kontena Baadaye

Ndugu zetu mnaoishi Ufaransa mkikusudia kurudi Kenya na vyombo vya nyumba, nawaandikia kuhusu yale makabati ya droo ya kale yenye nakshi za kupachikwa, ambayo siku hizi bei yake mnadani imeshuka kwa kuwa vijana wa huku hawataki tena samani za babu zao. Kununua hakuna tabu: unalikagua siku ya maonyesho, unataja bei, unalipa pamoja na ada ya mnada, ambayo mara nyingi hufikia robo ya bei. Tabu iko katika kulitoa nje ya Umoja wa Ulaya, na hapo ndipo nilipokwama.

Kabati langu ni la mtindo wa Boulle. André-Charles Boulle (1642–1732), fundi wa Mfalme Louis XIV, alikuwa akibandika pamoja bamba la shaba na bamba la gamba la kasa, akayakata kwa msumeno mwembamba, kisha akapachika kipande cha hili katika nafasi ya lile. Makabati mawili aliyoyapeleka kasri la kifalme la Trianon mwaka 1708 ni mashuhuri hadi leo. Mengi yanayouzwa sasa ni ya karne ya 19, enzi za Napoléon III. Gamba hilo, ambalo mara nyingi huonekana jekundu kwa sababu ya rangi iliyopakwa chini yake, ni la ng'amba, kasa yuleyule anayelindwa Watamu, na yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka; hicho ndicho chenye masharti makali zaidi.

Sheria ya Ulaya inaruhusu kifaa chenye gamba hilo, kilichotengenezwa kabla ya tarehe 3 Machi 1947, kiuzwe ndani ya Umoja bila cheti. Kwa hiyo kinauzwa hadharani, risiti ni halali, na hakuna anayekuonya, ilhali ruhusa ya kuuza si ruhusa ya kusafirisha. Wakala wangu aliandika "fanicha iliyotumika" kwenye orodha ya mzigo. Forodha wakafungua, kabati likazuiwa, ada ya ghala ikapanda, na risiti haikunifaa kitu. Narudia: risiti si cheti.

Cheti cha CITES cha kusafirisha huombwa kwa ofisi ya mazingira ya mkoa, yaani DREAL, au DRIEAT kwa Paris na viunga vyake, na lazima kipatikane kabla mzigo haujaondoka. Utadaiwa ushahidi wa umri wa kabati, kwa hiyo mwombe dalali wa mnada, kabla hujalipa, maelezo ya mtaalamu kwa maandishi kuhusu kipindi na malighafi. Watumishi wa Ufaransa ni waadilifu na wapole, lakini hujibu swali uliloliuliza tu. Mimi naona nchi inayopenda karatasi kiasi hiki ingepaswa kumwambia mgeni ni karatasi gani anayoikosa. Waulizeni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, pia kuhusu kibali cha kuingiza, kwani Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ni kali. Ya bandari ya Kilindini, Mombasa, mnayajua.

Pembe za ndovu ziepukeni kabisa: tangu Januari 2022 hata kuziuza ndani ya Ulaya kunahitaji cheti. Mbao nazo zichunguzeni, maana mti wa Brazili uitwao Dalbergia nigra, wa jamii moja na mpingo wetu, umo katika Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992.

Nanyi jamaa wa nyumbani, kwa mapenzi yote, acheni kutuambia tulifiche kabati katikati ya magodoro. Atakayeshtakiwa ni yule ambaye jina lake limo katika hati ya shehena, naye ni mtoto wenu. Risiti si cheti, na godoro si cheti.

Mtaalamu akikataa kuandika, liache kabati hilo, utafute lenye maua ya mbao za kawaida. Nalo pia lisiwekwe karibu na bahari bila uangalizi, kwa sababu gundi yake ya ngozi na mifupa hulegea kwa unyevu, na vipande vya nakshi huanza kubanduka kuanzia pembeni.